Bei ya Chapa

Kipande cha tano kilitoka kinene kama tofali, cha sita kikatoka chembamba kama biskuti. Fundi cherehani wa duka la pili, aliyekuwa amesimama mbele ya meza akisubiri, akacheka kwa pua.

"Mama Sabuni, leo tunanunua au tunacheza bahati nasibu?"

"Chagua unachotaka, mwanangu."

"Nimeshachagua." Akakichukua kile kinene, akaweka mia nne mezani. "Hicho chembamba mwekee anayekudai."

Mama Sabuni akacheka naye, maana mteja akicheka peke yake harudi. Fundi alipoondoka, akavipapasa vipande vilivyobaki kimoja kimoja, akajua kwamba kijana alikuwa akisema kweli.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akinunua sabuni ya mche kwa katoni, akiukata kila mche vipande kumi kwa waya wenye vishikizo vya mbao, na kuviuza barazani kwake. Ubao wa kukatia ulikuwa na alama tisa zilizochongwa na mumewe kwa kisu, na zamani waya ulikuwa ukitua kwenye alama kama ndege kwenye tawi lake. Sasa aliitafuta kila alama kwa kidole gumba, na mwezi uliopita waya ulikuwa umekifikia kidole chenyewe. Jicho la kulia lilibaki kujua mchana na usiku tu. La kushoto liliona, lakini dunia yote ilikuwa kama nguo iliyofuliwa ikasahauliwa kusuuzwa.

Wateja walikuwa wamejifunza. Waliwahi asubuhi, wakaondoka na vinene, na ikifika saa nne mezani vimebaki vyembamba ambavyo hata yeye aliona haya kuviuza mia nne. Aliviuza mia mbili. Mche aliununua elfu tatu, vipande kumi vilitakiwa kuleta elfu nne, na ile elfu moja iliyokuwa ikilisha nyumba ilikuwa ikiondoka mkononi mwa wajanja, tena kwa vicheko.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ilikuwa siku yake ya kupasuliwa. Daktari bingwa wa macho alikuwa akija katika hospitali yao mara moja kwa mwaka, anakaa wiki moja, anaondoka. Jicho moja, pamoja na lenzi, lilikuwa milioni moja na elfu tisini, na lilitakiwa kulipwa kabla ya Jumatano saa sita mchana. Asiyelipa, jina lake linafutwa, anaingia wa nyuma yake.

"Usiwe na wasiwasi," mumewe alisema kutoka mlangoni, miwani kwenye paji la uso, simu mkononi. "Leo bei ya fedha imefika elfu sitini."

* * *

Mumewe alikuwa mpiga chapa. Alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na minane, akastaafu na wino ambao haukutoka kwenye kucha, na watu bado walimwita kwa kazi yake. Alipopata kiinua mgongo, wenzake walinunua pikipiki, mabati na kuku wa mayai. Yeye alinunua sarafu ishirini za fedha, kila moja ya uzito wa aunsi moja, kila moja ndani ya kikasha chake cha plastiki. Alilipa elfu sabini kwa moja.

"Noti ni karatasi," alimwambia mkewe siku ile. "Mimi nimechapa karatasi maisha yangu yote, najua zinavyopatikana. Lakini fedha ni fedha. Hata jina lenyewe halijabadilika."

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya chai, aliangalia bei ya fedha duniani kwenye simu aliyonunuliwa na binti yao aliyeolewa mbali. Aliitangaza kama mtu anayetaja maendeleo ya mtoto shuleni. Siku aliyonunua ilikuwa elfu hamsini na mbili kwa aunsi. Iliwahi kushuka hadi arobaini na saba, akala chakula kimya. Sasa ilikuwa sitini.

"Ishirini mara sitini," alisema akivaa viatu, "ni milioni moja na laki mbili. Tunalipa jicho, tunabakiwa na laki moja na elfu kumi. Kesho nazipeleka kwa muuza sarafu. Sasa hivi naenda hospitali kuchukua fomu."

"Nenda, baba. Ukirudi uje na mkate."

Alipobaki peke yake, Mama Sabuni alilitoa kopo kabatini. Alikuwa amezishika zile sarafu mara mbili tatu tu. Alikifungua kikasha kimoja, akaisogeza sarafu karibu na jicho la kushoto mpaka kope zikagusa. Ilikuwa nyeusi. Ya pili nayo nyeusi pembeni, ya tatu ina madoa. Mvua tatu zilikuwa zimepita ndani ya kabati lile lenye unyevu. Mama Sabuni aliona aibu kama mtu aliyefumaniwa na wageni sebule haijafagiwa. Mali ya kuuza haipelekwi na uchafu wake. Nyanya inafutwa, kiatu kinapigwa rangi, seuze fedha.

Akaketi uani na beseni. Kipande cha sabuni, unga wa kusugulia masufuria, na kile kifumba cha nyuzi za chuma kinachoondoa masizi. Alisugua kwa nguvu za mtu ambaye kwa muda mrefu watu wamekuwa wakimfanyia kila kitu, na leo amepata naye la kumfanyia mwenzake. Mumewe aliporudi na mkate, sarafu ishirini zilikuwa zimepangwa juu ya taulo, zinang'aa mpaka zinaumiza macho.

"Lo," alisema mpiga chapa. Aliinama juu yake, mikono mgongoni. "Kama zimetoka kiwandani leo."

"Asikwambie mtu kwamba mali yako chafu."

Vile vikasha alikuwa amevitupa. Vilikuwa vimepasuka pasuka, na havikuwa na kazi.

* * *

Duka la muuza sarafu lilikuwa na mlango wa nondo, kiti kimoja, na ubao ukutani wenye safu mbili. Safu ya kwanza: TUNAUZA, 78. Safu ya pili: TUNANUNUA, 57. Mpiga chapa, ambaye kwa miaka ishirini na minane alikuwa akisaka makosa ya herufi, alidhani hapo pana kosa.

"Samahani, kijana. Bei ya leo si sitini?"

"Sitini, mzee."

"Mbona hapa hakuna sitini?"

Muuza sarafu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amelijibu swali hilo mara nyingi. "Hiyo sitini ni bei ya fedha ikiwa ghalani, mapande makubwa, mnunuzi anabeba kwa tani. Ni bei ya jumla. Mpaka iwe sarafu mkononi mwako, kuna mtu ameyeyusha, mwingine amekata, mwingine amegonga chapa, mwingine amesafirisha na mlinzi pembeni na bima juu. Na mimi nina pango. Wewe ulinunua ngapi?"

"Sabini. Ilikuwa hamsini na mbili."

"Basi hamsini na mbili ilikuwa fedha. Kumi na nane ilikuwa chapa na mikono ya watu."

"Na nikiuza?"

"Ukiuza, mikono ya watu hairudishi. Na mimi nami nanunua chini kidogo, maana kesho bei inaweza kushuka nikiwa nimelala nayo." Akavuta taa. "Hebu tuzione."

Mpiga chapa akahesabu haraka moyoni. Hamsini na saba mara ishirini: milioni moja, laki moja na elfu arobaini. Bado inatosha. Akalikunjua taulo juu ya kioo cha kaunta kwa fahari kidogo.

Muuza sarafu aliichukua ya kwanza kwa kingo, akaitia chini ya kioo cha kukuzia. Akaiweka. Akachukua ya pili. Alipofika ya tano aliacha.

"Nani amezisugua hizi?"

Bibi mmoja mwenye mkoba mzuri, aliyekuja kununua sarafu ya zawadi, aligeuka kutazama. Mpiga chapa aliona, chini ya taa ile, kile ambacho uani kilifichwa na mng'ao. Kila sarafu ilikuwa na mikwaruzo kila upande, mamia, kama sakafu iliyoburutiwa vitanda. Uso uliochorwa juu yake ulikuwa umepoteza pua.

"Mimi," alisema.

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Zilikuwa nyeusi."

"Weusi ungeuacha. Weusi ni umri tu. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mpiga chapa."

"Basi wewe ndiye wa kunifundisha mimi. Rimu ya karatasi na kitabu, kipi ghali?"

"Kitabu."

"Ukikimwagia kitabu maji?"

Mpiga chapa alikuwa ameona vitabu vingi vya namna hiyo vikiondoka kiwandani kwa kilo, vikaenda kufungia karanga. "Kinarudi kuwa karatasi," alisema.

"Hizi zimerudi kuwa fedha. Siwezi kumuuzia mtu kama huyu," akamwonyesha bibi kwa kidevu, "nitazipeleka kuyeyushwa. Hamsini kwa moja. Na samahani, naomba usogee kidogo nimhudumie mama."

Alizisukuma kwa kidole kimoja, zikaja upande wa mpiga chapa zikigongana. Akazifunga kwenye taulo. Milioni moja kamili. Elfu tisini pungufu, na ilikuwa Jumanne jioni.

* * *

Njiani aliipanga habari kama alivyokuwa akipanga herufi, akitoa hii, akiweka ile. Alipofika nyumbani, mkewe alikuwa anakunja gauni la kwenda nalo hospitali.

"Anatoa hamsini," alisema. "Jumla na rejareja, mke wangu. Mimi nilikuwa nasoma bei ya jumla miaka yote, na nilinunua ya rejareja."

"Hamsini, na simu inasema sitini?"

"Ndivyo."

"Hata zilivyong'aa vile?"

Mpiga chapa aliivua miwani, akaifuta. "Alizisifu sana."

Mama Sabuni aliketi. Alivuta mche mmoja kutoka kwenye katoni, akauweka mapajani kama mtoto.

"Huu naununua elfu tatu," alisema. "Nikiukata, watu wananipa elfu nne. Umewahi kuniuliza ile elfu inatoka wapi?"

"Faida."

"Inatoka kwa mtu ambaye mfukoni ana mia nne tu na nguo zake chafu leo. Hawezi kusubiri mpaka apate elfu tatu. Basi ananilipa mimi kusubiri kwa niaba yake. Na waya, na kukaa barazani. Sasa nikikirudisha hiki kipande kiwandani, watanipa mia nne?"

"Hata geti hawatakufungulia."

"Ndivyo ulivyofanya leo, baba. Umepeleka kipande kiwandani." Alitabasamu kidogo upande ambao alidhani mumewe yupo. "Kosa si kipande. Tafuta mtu mwenye mia nne na nguo chafu."

"Nani anahitaji kipande cha fedha kesho asubuhi?"

Kidole gumba cha Mama Sabuni kilitembea juu ya mche kikitafuta alama ambazo hazikuwepo. Kisha akasema, "Sonara. Yule wa nyuma ya soko la viatu. Kila Ijumaa anachukua vipande viwili kwangu, vya kuoshea pete. Pete anatengeneza kwa nini?"

* * *

Sonara alikuwa mtu mfupi mwenye kipaza macho, kile kioo cha kukuzia, kilichofungwa kichwani kwa kamba ya kiatu. Meza yake ilikuwa na ukubwa wa sinia. Aliwapokea wakiwa wamefuatana, mke ameshika kiwiko cha mume.

"Leo sabuni imejileta yenyewe mpaka dukani. Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo nimekuja kukuuzia kitu kigumu zaidi," alisema Mama Sabuni.

Taulo likafunguliwa. Sonara akaichukua moja, akashusha kipaza macho. Akaigeuza. Akafumbua mdomo. Mpiga chapa, nyuma ya bega la mkewe, alitikisa kichwa mara moja, polepole, na kwa kidole akayaonyesha macho ya mkewe. Sonara aliwatazama wote wawili kwa zamu. Akaufumba mdomo, akaiweka sarafu kwenye mizani.

"Uzito umetimia," alisema. "Mimi nayeyusha, mama. Kwangu uzito ndiyo sura."

"Ukitaka fedha kwa kawaida unapata wapi?"

"Wa jumla hataki kuniona. Ananiambia kilo moja au nenda zako. Kilo moja mimi sina. Nanunua kwa mwenzangu anayegawa, ananipiga sitini na nne."

"Basi tupe sitini."

"Mama, na mimi nina watoto. Hamsini na sita."

"Sitini na nne unalipa bila kulia."

"Nalia, ila hunioni." Aligundua alichosema, akashika kamba ya kipaza macho. "Samahani, mama."

"Hapana, ni kweli sikuoni. Kesho kutwa nitakuona, na kama umenipunja nitakukumbuka. Hamsini na nane."

"Hamsini na nane, na kipande cha sabuni juu."

"Chembamba."

"Kinene," alisema sonara, wakacheka wote, hata mpiga chapa.

Alikuwa na pesa za sarafu kumi na mbili tu, nyingine zikiwa noti chakavu alizozitoa ndani ya kopo la gundi. Laki sita, elfu tisini na sita. Zilibaki nane. Kwa muuza sarafu, nane mara hamsini ni laki nne. Ingekuwa milioni moja na elfu tisini na sita. Jicho lingelipika, na nauli ingebaki.

"Saba," alisema Mama Sabuni walipotoka nje. "Uza saba. Moja nirudishie."

Mpiga chapa alisimama. "Tukibakiza moja tunapungukiwa. Elfu arobaini na nne."

"Nina elfu sitini ya katoni. Chukua humo. Nitauza katoni nusu mpaka mwisho wa mwezi, si mara ya kwanza."

"Lakini kwa nini? Moja haitusaidii kitu. Tuuze zote, tumalize."

"Nilizisugua kwa mikono hii, na sikuona hata moja ilivyong'aa. Nataka siku nikifunguliwa jicho, niione."

Mpiga chapa alitazama ndani ya duka la viatu lililokuwa mbele yao. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Akaitoa sarafu moja kwenye taulo, akaiweka katika kiganja cha mkewe, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

Muuza sarafu alipozichukua zile saba, walilipa hospitalini saa sita kasoro dakika kumi. Karani aligonga muhuri kwenye risiti bila kuinua uso, na mpiga chapa, kwa mazoea, aliangalia kama wino umeshika sawasawa.

* * *

Ijumaa asubuhi Mama Sabuni alifunguliwa bandeji hospitalini. Daktari alimwonyesha vidole, naye akavihesabu. Alimwonyesha herufi, akazisoma mpaka mstari wa pili kutoka chini. Njia nzima ya kurudi nyumbani alisoma mabango kwa sauti ya chini: rangi za nyumba, matairi, meno ya bandia, chumba kinapangishwa. Mpiga chapa alitembea pembeni yake kama mtu anayepelekwa kwa mwalimu mkuu.

Nyumbani mkewe hakuvua hata viatu. Alifungua droo, akaitoa sarafu, akaenda nayo dirishani.

Aliitazama muda mrefu. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha.

"Hii ndiyo niliyoing'arisha?"

"Ndiyo."

"Nimeikwaruza."

"Kidogo."

"Kidogo kitu gani, hii imelimwa." Alipitisha ukucha juu ya ule uso usio na pua. "Zote zilikuwa hivi?"

"Zote."

"Ulijua lini?"

"Jumanne, kwa muuza sarafu. Kabla ya hapo na mimi niliona mng'ao tu."

"Ndiyo maana ulitaka tuiuze na hii." Hakungoja jibu. "Alipunguza ngapi?"

"Saba kwa kila moja."

Midomo yake ilihesabu. Laki moja na elfu arobaini. Kwa muda ilionekana kwamba furaha ya asubuhi ile ingeishia pale dirishani. "Alikuuliza nani amezisugua?"

"Aliuliza. Nikamwambia mimi."

"Wewe?" Mama Sabuni aligeuka. "Wewe hujasugua hata kikombe tangu tuoane."

"Yeye hajui."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akaiweka sarafu kwenye kizingiti cha dirisha, akanyoosha mkono kumpiga mumewe begani, na mkono ukaishia hewani. Alikuwa amemwona. Kwa miaka mitatu alikuwa akiijua sura ile kwa sauti yake na harufu ya wino. Sasa mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia mumewe kichwani, na kichwa kilikuwa cheupe chote, kuanzia kwenye paji mpaka nyuma ya masikio.

"Na hiyo fedha ya kichwani," aliuliza taratibu, "umeinunua lini?"

Mpiga chapa alijishika nywele kama mtu aliyesahau kuvua kofia ndani ya nyumba. "Rejareja," alisema. "Moja moja."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza bei."

Alimsogelea. Aliugusa ule weupe kwa ncha za vidole, vidole vyenye alama ya waya na ukavu wa sabuni, vikapita juu yake polepole, bila nguvu yoyote.

"Hii," alisema Mama Sabuni, "siisugui."